Koti la Damu ya Mzee

Jumatatu, saa nane mchana

Kwa Dada yangu mpendwa,

Hujambo Dada? Mama naye hajambo? Nimesikia goti lake limepata nafuu na sasa anakwenda mwenyewe mpaka kwa jirani kumsengenya jirani mwingine. Mungu amzidishie nguvu, na jirani amzidishie habari. Wapwa zangu wazima? Yule mkubwa bado anapigana na kitana kila asubuhi? Mimi mwili hauna neno. Nakula, natembea, nafanya kazi. Roho ndiyo haijatulia, na hiyo ndiyo iliyonikalisha kitako kuandika.

Najua utashangaa kupata barua zama hizi. Lakini simu zangu hupokei, na siku ile moja uliyopokea ulinionya kwamba nikitaja habari za mumeo utakata. Nikataja, ukakata. Tena afadhali barua, kusema kweli. Kwa simu ningesikia unavyovuta pumzi, nikaanza kuyapunguza maneno, mimi unanijua. Basi naomba uisome mpaka mwisho hata ukikasirika njiani. Ukitaka kunitukana nitukane, lakini usiikunje kabla hujamaliza.

Kesi ya Shemeji inasikilizwa Alhamisi hii saa tatu asubuhi, pale pale kwenye bohari ya dawa anakofanya kazi. Ni kikao cha mwisho. Wakimwona ana hatia wanamfukuza na jalada linakwenda polisi. Wakimwona hana, anarudi stoo yake siku hiyo hiyo. Hakuna katikati. Miezi miwili waliyomsimamisha imekwisha, na ni miezi miwili hiyo hiyo ambayo wewe uko kwa Mama na watoto.

Habari zenyewe unazijua, ila uliletewa na watu wanne na kila mmoja alitia chumvi yake, kwa hiyo acha nizipange upya. Katoni nne za dawa ya sindano ya kisukari zilitoka kwenye chumba cha baridi saa saba mchana, watu wakiwa kwenye chakula. Kamera ya korido ilimwona mtu mmoja kwa nyuma, kofia kichwani, barakoa usoni, koti refu la kazi, anasukuma toroli. Uso haukuonekana hata kidogo. Kilichobaki ni koti. Pale boharini wapakizi na wasafishaji, watu kumi na wawili, wanavaa makoti ya rangi ya damu ya mzee. Makarani wa stoo wanavaa bluu ya giza. Na mchana ule karani wa zamu alikuwa mmoja tu, mumeo. Basi kesi nzima ikasimama kwenye swali moja: koti lile ni la rangi gani? Likiwa bluu, ni Shemeji. Likiwa damu ya mzee, ni mmoja kati ya wale kumi na wawili, na Shemeji hayumo.

Wakaniita mimi nijibu, kwa sababu mimi ndiye niliyewafungia kamera zile na skrini zile. Nilitaka kujitoa, nikawaambia huyo ni shemeji yangu. Meneja akasema ndiyo vizuri zaidi, maana shemeji mtu akisema ni yeye, nani tena atabisha? Nikaandika ripoti ya ukurasa mmoja. Nikasema koti ni bluu ya giza, nikatia saini. Hata picha walizoambatanisha zilichapwa na ile printa yao isiyo na rangi, kwa hiyo rangi ya koti ilikuwa ni neno langu tu. Wewe ulikuja dukani kwangu unalia, ukaniuliza kama nina hakika. Nikakwambia macho hayana uongo. Ukauliza mara ya pili, nikakujibu vile vile na kukunywesha maji. Jioni ile ukafunga mizigo.

Sasa kuna jambo la ufundi nataka kukueleza, na tafadhali usiliruke kama unavyoruka maelezo ya dawa. Jumatano iliyopita alikuja dukani mama mmoja mpiga picha za harusi, mwenye ulimi wa wembe. Alibeba monita niliyomuuzia mwezi uliopita, akaitua mezani kwangu kwa kishindo. Akaniambia nimemuuzia kinyonga. Kwamba bibi harusi kwenye picha akimtazama wima ni maji ya kunde, yeye akijiegemeza nyuma kwenye kiti bibi harusi anakuwa mweusi tii, na akisimama kuchukua kikombe chake bibi harusi anapauka kama aliyemwagiwa unga. Na mteja amekwisha kuzikataa picha. Mimi nikacheka. Yeye hakucheka, Dada. Akaniamuru nivute kile kigoda changu cha kuchomelea nyaya, nikae chini, niitazame monita kutoka huko. Nikakaa kama mtoto wa chekechea. Kweli, bibi harusi akawa kiza kitupu.

Watu wakija kununua monita wanauliza ukubwa, wanauliza wembamba, wanauliza kama inafaa kwa mpira. Kioo chenyewe ni cha aina gani hawaulizi, na mimi miaka yote nilikuwa nawajibu kwamba kioo ni kioo. Si kweli. Kile cha yule mama kinaitwa TN. Ni cha bei ya chini na ni chepesi sana kubadilisha picha, ndiyo maana wacheza gemu wanakipenda. Lakini kinataka ukitazame uso kwa uso. Ukienda juu yake kinapauka, ukienda chini yake kinatia giza na rangi zinageuka: nyekundu nzito inazama, na kinachobaki unakiona ni weusi wenye ubluu. Kuna kingine, VA. Hicho weusi wake ni weusi wa haki, ukikiwasha gizani utapenda, ila kitu cheusi kikipita haraka kinaburuta kivuli nyuma yake, na ukikitazama kwa upande rangi zinafifia. Halafu kuna IPS. Weusi wake si mkali, na chumbani pakiwa na giza pembe zake zinatoa mwanga mweupe wa kuudhi. Lakini rangi yake haikimbii. Kaa, simama, lala chali, nyekundu ni nyekundu. Huyo mama nilimbadilishia nikampa IPS, akaondoka bila kunishukuru, na alikuwa na haki.

Alipoondoka nilibaki na kigoda changu. Chumba cha walinzi pale boharini kina skrini nne. Nilipozifunga zilikuwa mezani, usawa wa macho. Meneja akachoka kukuta vikombe vya chai juu yake na walinzi wamezilalia, akaniagiza nizipandishe ukutani, karibu na dari, zilale bapa na ukuta. Nikazipandisha. Mtu akikaa kwenye kiti cha mlinzi anainua shingo mpaka kofia inaanguka. Na zote nne ni TN, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyewachagulia. Kamati nzima inayosikiliza kesi iliitazama video ile imekaa chini kwenye viti. Watu watano, na mumeo wa sita, shingo juu.

Nakala ya ile video ninayo. Nikaziweka monita tatu kwenye meza, kila moja na kioo chake, nikaiwasha mara moja kwenye zote. Kwenye TN, nimekaa kigodani, mtu amevaa bluu ya giza. Kwenye VA, damu ya mzee, japo mgongoni ameburuta kivuli. Kwenye IPS, damu ya mzee, wazi kabisa, hata ule mstari wa mshono mwekundu begani unaonekana. Bluu haina mshono mwekundu. Dada, si mumeo. Soma tena: si mumeo. Ni nani kati ya wale kumi na wawili sijui, na mimi si wa kumtaja mtu kwa rangi ya koti tena.

Jumamosi nilikwenda kwako. Usiogope, nyumba ni safi, safi kuliko ulipokuwepo wewe, samahani lakini ndivyo ilivyo. Viatu vya watoto vile walivyoviacha amevipanga mlangoni kwa ukubwa. Koti lake la kazi limepigwa pasi, limetundikwa nyuma ya mlango. Yeye nilimkuta amepiga magoti anafunga bawaba ya kabati lako la vyombo, ile uliyomlalamikia mwaka mzima. Amekonda. Nilimweleza yote ya vioo, mwanzo mpaka mwisho, naye akaendelea kukaza skrubu. Nilipomaliza alinipongeza, kweli, alisema leo Bahati Nasibu kapatia. Unajua ndilo jina alilonipa, la utani, tangu niliposhindwa kuwasha redio ya Mama mbele ya wageni. Halafu akaniuliza swali moja tu, bila kunitazama. Nimejua lini?

Nikamwambia Jumatano.

Na wewe hapo juu nimekuandikia hivyo hivyo, Jumatano, kwa sababu ya yule mama na bibi harusi wake. Dada yangu, huo ni uongo. Mficha uchi hazai, na mimi nimeuficha huu mpaka umeanza kunuka, basi sikiliza.

Siku ile ile ya ripoti, miezi miwili iliyopita, kabla sijaandika hata neno moja, nilihitaji kuingiza flashi kwenye kinasa picha ili nitoe nakala ya ofisi. Kinasa picha kimefungwa juu, kando ya skrini. Nikachukua ngazi ya mlinzi, nikapanda. Video ilikuwa imesimamishwa pale pale mtu anapokata kona. Nilipofika juu, uso wangu ukawa usawa mmoja na skrini, na koti likawa damu ya mzee. Nikashuka vidato viwili, likawa bluu. Nikapanda, damu ya mzee. Nilifanya hivyo mara mbili, Dada, ngazi ikitetemeka, mlinzi ananiuliza fundi vipi, umesahau nini huko? Nikamwambia hamna kitu. Nikachomoa flashi, nikashuka, nikakaa kwenye kiti, nikainua shingo kama wenzangu, na nikaandika bluu ya giza.

Niliogopa. Mwezi mmoja kabla ya hapo meneja aliniuliza, mbele ya watu, kwa nini skrini zake zinaonekana na giza, nami nikamjibu kwa maringo kwamba kioo ni kioo, shida ni balbu za chumba chake. Na wiki ile walikuwa wanaamua kama nifunge kamera za bohari yao ya pili. Ningeandika kwamba rangi zinageuka, ningekuwa nimeandika kwamba sijui kazi yangu. Hiyo ni sababu moja. Ya pili ni ya aibu zaidi na nusura nisikwambie. Nilipoketi na kalamu nilimkumbuka Shemeji akiniita Bahati Nasibu, watu wote wanacheka, wewe ukicheka kuliko wote, na nikaona raha. Kidogo tu. Kama mtu anayekwaruza kidonda. Nikajiambia watamkaripia, basi, atajifunza adabu. Sikujua utafunga mizigo. Lakini ulipokuja dukani nilikuwa na nafasi ya kusema, tena mara mbili, na nikavaa miwani ya mbao. Na mwezi ule wa kwanza ulipoondoka nilikula kwa Mama mara tatu, kwenye meza moja na watoto wa Shemeji, wananiita mjomba.

Jana Jumapili nilirudi kwa Shemeji nikamwambia ukweli wa ngazi. Nilidhani atanipiga, na nilikuwa nimevua saa kabisa. Hakunipiga. Aliweka bisibisi chini, akakaa sakafuni, akauliza nilipanda mara ngapi. Nikasema mara mbili. Akarudia, mara mbili, kama mtu anayehesabu katoni. Halafu akaniambia nikuandikie, na kwamba nikikuandikia nisiiache ngazi.

Leo asubuhi nimekwenda kwa afisa utumishi wa bohari na maelezo mapya, kurasa tatu, ngazi imo. Afisa alisoma, akavua miwani, akasoma tena. Ameniambia kuanzia leo nisiguse waya wowote pale, na kwamba huenda nami nikashitakiwa kwa ripoti ya uongo. Sawa. Nimejipalia makaa mwenyewe. Lakini kuna jambo moja linalonitoa jasho mpaka sasa naandika. Amesema kamati inaweza isinisikilize kabisa. Mara ya kwanza waliniamini kwa sababu nilimkandamiza shemeji yangu. Leo nikimtetea, watasema familia imekaa kikao, watu wameelewana, fundi amegeuza maneno. Nimeomba niingie na monita mbili, niziweke mezani, niwashe nakala iliyofungwa kwenye bahasha ndani ya kabati lao, na kila mjumbe akae, kisha asimame, aone mwenyewe. Amesema atauliza. Meneja hataki. Meneja ndiye aliyeagiza skrini zipandishwe ukutani, na hataki kuambiwa hivyo mbele ya kamati yake. Kwa hiyo, Dada, siwezi kukuahidi chochote kuhusu Alhamisi. Mumeo hana kosa, nalijua, na bado anaweza kutoka pale na polisi.

Sasa lililobaki. Mshtakiwa anaruhusiwa kukaa na ndugu mmoja kwenye kikao. Fomu ina mstari wa jina la huyo msindikizaji, na lazima aje kusaini mwenyewe kabla ya Jumatano saa kumi alasiri. Afisa utumishi alinionyesha fomu ya Shemeji. Amejaza kila kitu kwa mwandiko wake ule wa karani, herufi zimesimama mstari. Pale pa msindikizaji hapana kitu. Jana nilikuwa nimekwisha kumuuliza aandike nani. Nilimtajia kaka yake, nikamtajia mzee wa nyumba ya pili, hata mimi mwenyewe nilijitaja, mwendawazimu.

Alichonijibu nimekigeuza kichwani tangu jana na sioni namna ya kukilainisha. Alisema ofisi haina lawama kubwa kwake. Ofisi ilimtazama dakika mbili, kutoka chini, kwenye kioo kibovu. Wewe umemtazama miaka kumi na mmoja, pande zote, akiwa mgonjwa, akiwa na hasira, akiwa hana kitu, na siku ya siku ulikwenda kumuuliza mtu mwingine yeye ni wa rangi gani. Alisema hivyo bila kupandisha sauti. Kisha akasema hatakuja kukuchukua, na hatakupigia. Na jina la mtu mwingine hataliandika kwenye mstari ule, hata kama atakaa peke yake.

Ulimwacha kwa sababu yangu, Dada. Wewe ulikuja kwa fundi na kwa mdogo wako, ukaulizia kweli, na wote wawili tulikudanganya. Ukinichukia mimi ni halali yako na sitakutumia mtu wa kutuombea radhi. Lakini kosa hilo usimtoze yeye. Barua hii nampa dereva wa basi la alfajiri, itakufikia kesho kabla ya adhuhuri. Basi la kurudi linaondoka huko saa mbili asubuhi Jumatano, linafika hapa saa saba. Ofisi ni mlango wa pili kushoto baada ya geti. Kalamu wanayo.

Nisalimie Mama, umwambie mwenyewe kwa namna utakayoona inafaa, au umsomee hii. Sina tena cha kumficha. Wapwa zangu wabusu, na kama wakiuliza nilifanya nini waambie, wasije wakasikia kwa watu. Wale majirani wa Mama nao wasalimie, maana najua barua hii itawafikia kabla ya wino kukauka. Nawatakia nyote afya. Mimi ndiye yule yule uliyembeba mgongoni, ingawa leo naona haya kulitia jina langu hapa chini.

Mdogo wako,
Kitindamimba